Meno na Mapumziko kwa Pamoja: Uchambuzi wa Kisa cha Mume na Mke

Mpango wa kwanza kutoka kliniki ulikuwa wa siku 7. Siku ya kwanza kupokewa uwanja wa ndege na kupigwa picha za mdomo. Ya pili kung'oa, kupandikiza na kuchonga meno. Ya tatu hadi ya tano ufukweni. Ya sita kuvishwa kofia za meno, yaani maganda magumu yanayofunika meno yaliyochongwa. Ya saba kurudi nyumbani. Hoteli ya watu wawili ilikuwa ndani ya bei, gari la kuwapeleka na kuwarudisha nalo limo, hata matembezi ya mashua wakati wa machweo. Mume aliusoma mara mbili, akampa mke naye asome, na wote wawili wakaona kwamba likizo yao ya mwaka imepata sababu ya pili.

Kisa hiki nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wanaovuka mipaka kutafuta matibabu ya meno, kwa hiyo hakina mwenyewe mmoja. Nitawaita mume na mke, basi. Nimekichagua kwa sababu hakuna tapeli ndani yake. Kliniki ni nzuri, madaktari wana sifa, vifaa vinasafishwa inavyotakiwa. Tatizo lote limo kwenye kalenda, na huko ndiko wasafiri wengi wasikotazama.

Niseme mapema kwamba siwalaumu wanaosafiri. Bei ya jino hubeba kodi ya jengo, mishahara, bima ya daktari na kazi ya maabara, na vitu hivyo vinatofautiana sana baina ya nchi na nchi. Los Algodones, mji mdogo wa Mexico mpakani mwa Marekani, umejaa kliniki za meno kwa sababu hiyohiyo, na Mosonmagyaróvár ya Hungary imewatibu Waaustria kwa miongo mingi. Unafuu wa bei si ushahidi wa kazi mbovu. Mtu aliyekaa na pengo miaka kumi kwa kukosa fedha ana haki ya kutafuta anapopaweza.

Vinywa viwili, mahitaji mawili

Mume ana miaka 47. Gego lake la kwanza la chini, upande wa kulia, liling'olewa zamani na pengo likabaki. Juu kushoto ana gego dogo la pili ambalo mzizi wake ulitibiwa miaka mingi iliyopita, na sasa ukingo wake umevunjika. Meno yake ya mbele ni mazima, ila yamefifia rangi na moja limejipinda kidogo. Anavuta sigara chache kwa siku.

Mke ana miaka 44. Shida yake ni gego la mwisho la chini kushoto, lililolala upande na kutokeza nusu. Ufizi unaolifunika huvimba kila baada ya miezi michache. Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kwenye fomu ya kliniki. Kwa muda mrefu ametamani kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, na ufukwe uliotajwa kwenye mpango unasifika kwa matumbawe.

Kliniki ilipendekeza kipandikizi kimoja kwa mume, yaani skrubu ya titani inayoingizwa tayani kushika jino bandia, kofia ya lile gego dogo, na kofia nane kwa meno ya mbele ya juu ili apate "tabasamu jipya". Mke angeng'olewa gego siku ileile mume anapopandikizwa.

Mfupa una muda wake

Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, vikagoma: mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza vipandikizi vya meno vya titani, na tiba yote ya vipandikizi ya leo imesimama juu ya kushikana huko. Kushikana kunahitaji muda, na muda huo haununuliki.

Skrubu ya titani ikiingizwa tayani, siku ya kwanza inashikwa kwa kubanwa tu, kama nguzo iliyopigiliwa ardhini. Kisha mwili huanza kuuondoa mfupa uliominywa pembeni mwa skrubu ili ujenge mpya. Katika kazi hiyo mshiko wa mwanzo hupungua kabla mshiko mpya haujakamilika, na kipindi dhaifu zaidi huwa karibu wiki ya pili hadi ya nne. Ukiitazama kalenda ya safari utaona maana yake: kipandikizi huwa dhaifu zaidi wakati mgonjwa amesharudi nyumbani, daktari aliyemtibu yuko mbali, na maumivu yamekwisha kiasi kwamba anajiona amepona. Hapo ndipo anapoanza kutafunia upande ule.

Kwa kawaida taya la chini hupewa takriban miezi 3 kabla ya kuvishwa kofia, na la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, hadi miezi 6. Zipo njia za kuweka jino la muda siku ileile, na madaktari hodari huzitumia, hasa pale vipandikizi kadhaa vinapounganishwa vikabeba mzigo pamoja. Lakini gego moja la nyuma, linalobeba nguvu kubwa ya kutafuna, ndani ya mdomo wa mvutaji sigara, si mahali pa kubahatisha. Moshi hupunguza damu kwenye fizi na huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa kushika.

Mume alipoiandikia kliniki kuuliza kofia ya kipandikizi chenyewe itawekwa lini, jibu lilikuja bila kusitasita: baada ya miezi minne, kwa safari ya pili. Zile kofia za siku ya sita zilikuwa za meno mengine. Hakuna aliyesema uongo. Mpango ulinyamaza tu kuhusu safari ya pili, na bei haikuigusa. Swali hilo moja lilibadilisha kila kitu kilichofuata, kwa sababu sasa wanandoa walikuwa na safari mbili za kupanga badala ya moja.

Kofia nane

Hapa nina uchungu, na sitauficha. Kuvisha jino kofia kamili kunamaanisha kulichonga pande zote na juu yake, na mara nyingi zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana huondoka. Enameli haioti tena. Jino likishachongwa litahitaji kofia maisha yote, na kofia haidumu milele: itabadilishwa, kisha itabadilishwa tena, na kila mara kinachobaki chini yake ni kidogo zaidi. Baadhi ya meno yaliyochongwa huishia kufa mshipa na kuhitaji matibabu ya mzizi. Mtu mwenye meno manane mazima yaliyofifia rangi hana ugonjwa unaostahili malipo ya namna hiyo.

Kwa rangi kuna kung'arishwa kwa dawa. Kwa jino lililojipinda kuna kulisogeza taratibu, au kuliongezea kijazo kidogo cha rangi ya jino bila kulichonga. Mume alichagua kung'arisha tu. Na hapa utaratibu una maana: kofia ya kauri haibadiliki rangi kwa dawa, hivyo meno hung'arishwa kwanza, rangi huachwa itulie kama wiki 2, ndipo kofia inayokaa karibu nayo itengenezwe ifanane nayo. Alifanya hivyo nyumbani, akiwa amevaa vibao vya plastiki usiku chini ya uangalizi wa daktari wake, kabla ya kupanda ndege.

Daktari huyohuyo wa nyumbani ndiye aliyegundua hitilafu nyingine. Barua yake ililitaja gego dogo la juu kushoto kama jino 25, kwa hesabu inayotumika nchi nyingi duniani. Kwa hesabu ya Marekani, 25 ni jino la mbele la chini, upande wa kulia. Kliniki inayohudumia wageni wengi kutoka Marekani inaweza kuusoma mpango kwa hesabu hiyo. Aliongeza mstari mmoja wa maneno ya kawaida, "juu, kushoto, gego dogo la pili", na picha ya eksirei iliyowekwa alama. Kila mgonjwa anayesafiri astahili mstari kama huo.

Gego la mke halikupanda ndege

Kung'oa gego la mwisho lililolala ni upasuaji mdogo wenye mambo mawili yanayoufanya usifae likizo. La kwanza ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya gego hilo. Ukiguswa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache hali hiyo haiondoki. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kufuatiliwa na daktari yuleyule, kwa ukaribu.

La pili ni tundu kavu. Jino likitoka, donge la damu hujaa tunduni na kuufunika mfupa. Donge likiyeyuka au kung'oka mapema, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake huchachamaa kuanzia siku ya pili hadi ya nne, yakipanda hadi sikioni. Wavutaji sigara hupatwa zaidi, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia, kwa sababu ya homoni ya estrojeni. Siku ya pili na ya tatu baada ya kung'oa zilikuwa siku za ufukweni katika mpango wa kwanza, na ya nne ilikuwa siku ya kofia.

Halafu kuna jambo la kibinadamu. Wote wawili wangekuwa na ganzi na pamba mdomoni jioni ileile, katika chumba kimoja cha hoteli ugenini. Nani angemkanda mwenzake kwa barafu? Nani angeshuka kutafuta dawa usiku? Kutibiwa siku moja kunavutia kwa sababu kunaonekana kuokoa muda, lakini kunamnyima kila mmoja msaidizi wake.

Gego liling'olewa nyumbani, miezi miwili kabla ya safari. Gharama yake ilikuwa ndogo ikilinganishwa na kipandikizi, na kazi ndogo haina sababu ya kukatiwa tiketi. Kinachostahili kuvuka mpaka ni kazi ambayo tofauti ya bei yake ni kubwa kuliko nauli.

Safari ya kwanza na ya pili

Kosa la mpango wa siku 7 lilikuwa kuuchanganya upasuaji na raha ndani ya wiki moja. Kipandikizi chenyewe tayari kilikuwa kimegawanya kazi mara mbili: awamu ya kukata na awamu isiyokata. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya kukata, na likizo iende kwa safari ya pili, ambapo kofia hufungwa juu ya kipandikizi kilichoshika, bila kisu na mara nyingi bila sindano. Wanandoa wengi hufanya kinyume. Wanaitumia likizo yote kwenye safari ya kwanza, kisha wa pili anabaki nyumbani safari ya pili "kwa kuwa ni kofia tu".

Walijadiliana kama mke aende awamu ya kwanza.

"Mke wangu, hii ya kwanza niache niende peke yangu, tuokoe nauli."

"Na ukitokwa damu usiku wa manane, mume wangu, utamwamsha nani?"

Mke alikwenda. Na ninaona alikuwa sahihi, hasa kwa kuwa mume alipewa kidonge cha kumtuliza kabla ya upasuaji, na mtu aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kurudi hotelini peke yake.

Siku 8 za awamu ya kwanza zilikwenda hivi. Siku ya kwanza picha ya taya ya pande tatu, vipimo na kuchongwa kwa gego dogo. Ya pili kipandikizi. Uvimbe ulipanda hadi siku ya nne, kama ilivyotarajiwa, ukaanza kushuka. Wakati maabara ikitengeneza kofia, wao walikaa jirani na kliniki: matembezi mafupi asubuhi, makumbusho, bustani, vitabu, sinema, vyakula laini visivyo vya moto. Hakukuwa na kuogelea, sauna, kubeba mizigo wala kukaa juani. Pombe nayo ilikaa pembeni, maana miongoni mwa dawa zake kulikuwa na metronidazo, ambayo huandikiwa onyo la kutokunywa hadi siku mbili au tatu baada ya kuimaliza. Siku ya sita kofia ya gego dogo ikafungwa, ya saba kidonda kikakaguliwa, ya nane wakaruka. Wiki ile ilikuwa tulivu kupita walivyozoea. Walizungumza sana, na mke baadaye aliihesabu kuwa nusu ya likizo yao, jambo ambalo brosha za kliniki haziwezi kuliuza.

Ningebadilisha mpangilio huu kama daktari angehitaji kuinua sakafu ya uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu ili kuongeza mfupa. Hewa iliyofungiwa hutanuka ndege inapopaa, kwani ndani ya ndege shinikizo huwekwa sawa na la mlima wa takriban mita 1,800 hadi 2,400. Aliyefanyiwa upasuaji huo haruhusiwi kupenga kamasi kwa nguvu, kuzamia, wala kuruka mpaka daktari akubali, na wiki moja ugenini haitoshi.

Safari ya pili ilikuja miezi minne baadaye, siku 9. Siku ya kwanza mdomo ulichukuliwa vipimo kwa kamera, maabara ikaanza kazi, na wanandoa wakaachwa huru. Mke alizamia. Mume, ambaye kidonda chake kilikuwa kimepona kitambo, alizamia naye mara moja. Kina cha mita 10 huongeza shinikizo maradufu, na jino lililotoboka au kijazo kilicholegea kinaweza kuuma vikali kule chini, kwa hiyo daktari alikagua vijazo vyake kabla. Hakuzamia na lile gego dogo likiwa limevunjika. Hiyo ni faida nyingine ya kuiweka raha mwishoni. Kuzamia kulimalizika siku mbili kabla ya ndege, kwa sababu aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka.

Kofia ilifungwa siku ya sita, na siku ya saba jino la juu linalokutana nayo likaanza kuuma. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazolegea kidogo likikandamizwa, na nyuzi hizo ndizo humwambia mtu kwamba anauma kitu kigumu. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kofia iliyo juu kidogo tu kuliko inavyotakiwa hupokea mzigo wote, na mwenyewe hajui mpaka jino la upande wa pili lilalamike. Daktari aliweka karatasi ya rangi, akaona alama nzito, akapunguza mahali hapo, na kazi ikaisha kwa dakika chache. Siku mbili za akiba ndizo zilizowezesha hilo. Kama ndege ingekuwa siku ya saba, angeruka na maumivu.

Hesabu

Tuite 100 bei ya matibabu ya mume nyumbani, yaani kipandikizi na kofia mbili. Takwimu hizi ni za kisa hiki tu, za kuonyesha namna ya kuhesabu. Ugenini matibabu ni 45. Safari ya kwanza ya watu wawili 30, ya pili na raha zake 45, akiba ya dharura 10. Jumla 130.

Kwa hiyo, kwa kipandikizi kimoja, ugenini ni ghali zaidi. Unafuu mkubwa ulioonekana kwenye mpango wa kwanza ulikuwa umepimwa dhidi ya kofia nane ambazo hazikuhitajika, na punguzo kwenye kitu usichohitaji si akiba. Lakini wanandoa hawa wangekwenda likizo ya 45 kwa vyovyote. Kutibiwa nyumbani kisha kwenda likizo hiyo kungewagharimu 145, na walichopata kwa 130 ni meno pamoja na safari mbili. Angehitaji vipandikizi vitatu, nauli isingebadilika na tofauti ingekuwa kubwa mno. Asingekuwa na mpango wa likizo, ningemshauri asiende.

Bima ya safari haikuingizwa kama kinga ya matibabu, kwa sababu nyingi hazilipi madhara ya tiba iliyopangwa. Ndiyo maana ya ile 10 ya akiba. Malipo nayo yaligawanywa: sehemu ya kipandikizi awamu ya kwanza, sehemu ya kofia awamu ya pili, hakuna kilicholipwa kabla ya kufanyiwa kazi.

Karatasi walizorudi nazo

Mume aliomba kofia ya kipandikizi ifungwe kwa skrubu, si kwa gundi. Kwa mgonjwa anayeishi mbali naona huo ndio uamuzi bora, palipo na nafasi ya kuchagua: gundi iliyobaki chini ya ufizi huleta uvimbe na kuula mfupa, na kofia iliyogundishwa ni vigumu kuifungua bila kuiharibu. Alirudi na kadi yenye jina la mtengenezaji wa kipandikizi, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo, pamoja na picha za eksirei za siku ya kupandikiza na siku ya kofia. Kila mtengenezaji ana skrubu zake na bisibisi zake. Bila kadi, daktari mwingine hukisia.

Miezi kumi na moja baadaye kofia ilianza kucheza kidogo. Daktari wa nyumbani alisoma kadi, akaagiza bisibisi inayofaa, akafungua kijazo kidogo juu ya kofia na kukaza skrubu kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji. Sigara mume aliziacha wiki mbili kabla ya upasuaji na hakuzirudia kwa wiki nane. Baada ya hapo alirudia chache, na daktari hakuficha kwamba hilo linamsumbua. Kwa hiyo kila mwaka anapiga picha na kuilinganisha na ile ya siku ya kofia. Baada ya mwaka wa kwanza, mfupa unaozunguka kipandikizi kinachokwenda vizuri hutarajiwa kupungua kwa chini ya milimita 0.2 kwa mwaka. Picha ya mwaka wa kwanza ilikuwa nzuri, na ya pili imepangwa mwezi ujao.